Anfield bila haraka: namna ya kumpeleka mzee wako kwenye uwanja wa Liverpool

Kabla hujagusa simu kununua tiketi, muulize unayempeleka anataka kuona nini. Mimi sikuliuliza swali hili mara mbili za kwanza, na mara zote mbili tulirudi nyumbani na picha mia na hamsini ambazo hakuna aliyezitazama tena.

Mimi ni muuguzi, naishi Leeds, kwetu Tanga. Nimeshakwenda Anfield na wenzangu wawili wa wodini, nikaenda na binamu yangu, nikaenda na mdogo wangu wa kiume, na Oktoba 2024 nikampeleka baba. Baba ana miaka sabini na miwili na alikuja Uingereza na suti moja, kofia mbili na swali moja. Swali lenyewe lilikuwa: Samatta alifungia wapi?

Kama umesahau, ni hivi. Tarehe 5 Novemba 2019, Genk ya Ubelgiji ilikuja Anfield kwenye Ligi ya Mabingwa. Dakika ya 40 ikapigwa kona, Mbwana Samatta akaruka juu ya watu, kichwa, wavuni, 1-1. Liverpool walishinda 2-1, lakini kwetu hakuna anayekumbuka bao la pili. Kule nyumbani ilikuwa inakaribia saa sita usiku na baba alikuwa kwenye kibanda umiza cha Ngamiani, amebanana na vijana wa umri wa wajukuu zake. Baba wala si mtu wa Liverpool. Yeye ni Coastal Union, wale waliochukua ubingwa wa Tanzania mwaka 1988, na hatakuacha usahau. Anfield kwake ilikuwa mahali ambapo Mtanzania alifunga, basi.

Nikishajua hilo, safari nzima niliipanga kulizunguka. Na wewe fanya hivyo. Kama mgeni wako ni wa makombe, mpe muda kwenye makumbusho. Kama ni wa picha na jezi, mpe duka na korido ya kuingilia uwanjani. Usijaribu vyote kwa uzito uleule, utamchosha na utajichosha.

Kuhusu visa, kama mgeni anatoka nyumbani: visa ya kutembelea Uingereza ni ya hadi miezi sita, na maombi hayapokelewi mapema zaidi ya miezi mitatu kabla ya safari. Usilipie ziara ya uwanja mpaka jibu la visa litoke. Tiketi ya Anfield haimsaidii mtu kupata visa, na aliyenyimwa akiwa ameshalipa huumia mara mbili.

Siku ya kwenda

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa. Siku ya mechi ya nyumbani ziara ya kawaida haipo. Nayo ratiba ya mechi Uingereza si msahafu: televisheni ikitaka, mechi ya Jumamosi inahamia Jumapili au Jumatatu. Wiki za Ulaya ni Jumanne na Jumatano, na siku moja kabla yake timu ngeni huja kufanya mazoezi. Mimi dawa yangu ni moja: natafuta wiki ya mechi za timu za taifa. Ligi imesimama, wachezaji wametawanyika duniani, hakuna wa kuhamisha mechi. Tulikwenda na baba Alhamisi ya wiki kama hiyo na kila mlango waliotuahidi ulikuwa wazi.

Nunua kwenye tovuti ya klabu yenyewe, chagua siku na saa. Bei inabadilika kwa msimu na umri, na wazee wana punguzo, kwa hiyo usijaze fomu kwa haraka ukamlipia mzee bei ya kijana. Tiketi ya ziara inaingia pia makumbusho, huna haja ya kununua mbili.

Halafu saa. Hili nalisema kwa uchungu. Binamu yangu aliyekuja kutoka Muheza ndiye aliyefanya mambo ya tiketi kwenye simu yake, nikamuuliza ni saa ngapi, akanijibu saa tisa na nusu. Nikapanga treni ya saa nne asubuhi, raha mustarehe. Tuko njiani, naomba nione tiketi: 9:30. Yaani saa tatu na nusu asubuhi. Kundi letu lilikuwa limeshapanda, limeshashuka, limeshapiga picha na kombe. Tulilipa upya. Sasa nikiandikia ndugu namwandikia “14:30, saa nane mchana na nusu”, vyote viwili, hata kama anaona namdharau.

Kama mnachotaka ni mechi yenyewe, hilo ni somo jingine, ila neno moja: usinunue tiketi kwa mtu. Tiketi za ligi zinapitia kwa wanachama, na England kuna sheria tangu 1994 inayokataza kuuza tena tiketi za mpira bila idhini, kwa hiyo yule mlanguzi anayekutumia picha ya tiketi kwenye WhatsApp anakuuzia kitu ambacho hana haki ya kukiuza, kama anacho kabisa. Mdogo wangu alishatuma pauni mia moja na hamsini kwa mmoja wao. Akaunti ilifutika kabla hajamaliza kuandika “asante kaka”.

Kufika

Kituo cha treni ni Liverpool Lime Street. Kutoka London unapandia Euston, ni kama saa mbili na robo. Sisi kutoka Leeds ni saa moja na nusu na ushei, tunapita juu ya vilima ambavyo Oktoba vimeshageuka kahawia. Uwanja hauko karibu na kituo, uko kilomita tatu hivi kaskazini, na ni mwinuko. Kijana anaweza kutembea. Mzee usimtembeze. Chukua basi, sisi tulipanda 26 kutoka stendi ya Liverpool ONE, lakini mwambie dereva “Anfield” kabla hujakaa, maana usipojua pa kushuka utapitishwa. Unagusa kadi ya benki tu mlangoni, hakuna konda.

Ila na baba hatukwenda moja kwa moja. Adhuhuri ilikuwa inaingia saa saba mchana, na hapa nikupe siri ambayo watu wa mpira hawaijui. Kwenye barabara ya West Derby, mahali paitwapo Brougham Terrace, kuna nyumba nyeupe ya kizamani iliyopangana na nyenzake. Huo ndio msikiti wa kwanza Uingereza. Mwanasheria wa Liverpool aliyesilimu, Abdullah Quilliam, aliufungua mwaka 1889. Baadaye jumuiya yake ilitawanyika na jengo likawa ofisi za serikali kwa miaka mingi, kisha likarudishwa na kufunguliwa tena kwa ibada mwaka 2014. Tulichukua teksi hadi pale, baba akaswali, akatoka akaliangalia jengo kutoka ng'ambo ya barabara kwa muda. Akaniuliza mwaka tena. Nikamwambia. Akapiga hesabu kwa vidole: Liverpool hii ya mpira imezaliwa lini? Nikamwambia 1892. “Basi msikiti ni mkubwa kwa klabu,” akasema, na tangu hapo alikuwa na furaha siku nzima. Kutoka pale hadi uwanjani ni teksi fupi.

Zunguka nje kwanza

Fika saa moja kabla ya muda wako. Nje ya Anfield ni bure na kuna mambo mengi kuliko mtu anavyodhani. Watu wengi wanashuka kwenye basi, duka, ziara, basi. Wanapoteza nusu ya bora.

Utashangaa kwanza jinsi uwanja ulivyokaa. Unatembea kwenye mtaa wa nyumba ndogo za matofali mekundu, zimeshikana kama meno, mapipa ya taka nje, paka dirishani, kisha unakunja kona na mbele yako kuna ukuta wa jukwaa kuu unaofunika mbingu. Baba alisema ni kama meli imeegeshwa uani kwa mtu. Jukwaa hilo lilipanuliwa mwaka 2016, na upande wa Anfield Road ukamaliziwa kupanuliwa mwaka 2024, kwa hiyo uwanja sasa unachukua zaidi ya watu 61,000. Uwanja wenyewe ni wa mwaka 1884, na waliocheza hapo mwanzo ni Everton, mahasimu wa mji huohuo. Naam. Waligombana na John Houlding, aliyekuwa na mamlaka juu ya kiwanja, wakafungasha mwaka 1892 wakavuka bustani kwenda kujenga Goodison Park. Houlding akabaki na uwanja bila timu, ndipo akaanzisha Liverpool. Ukimpeleka mshabiki wa Manchester United mwambie hili, atalala vizuri.

Anza kwenye kona ya Kop. Kop ni jukwaa la nyuma ya goli ambalo jina lake limetoka Afrika, kwenye kilima cha Spion Kop huko Natal, ambako vikosi vya Waingereza, wengi wao wakiwa vijana wa Lancashire, vilichinjwa na Makaburu Januari 1900. Jukwaa lilipojengwa mwaka 1906 kama tuta la udongo, mwandishi wa habari wa Liverpool akalifananisha na kilima kile, na jina likaganda. Zamani walisimama humo watu karibu elfu thelathini. Tangu 1994 ni viti.

Sasa tazama juu kwenye kona hiyo. Kuna mlingoti wa bendera, mrefu, mweupe. Kila ziara niliyokwenda nimeona watu wanauegemea wakisubiri wenzao. Mimi mwenyewe niliuegemea mara tatu. Mlingoti ule ni wa meli, ni sehemu ya juu ya mlingoti wa Great Eastern.

Hapa lazima niseme baba alikuwa mtu wa bandari. Miaka thelathini na moja bandari ya Tanga, enzi ambazo meli kubwa haikuweza kufika gatini, inatia nanga huko nje, na mzigo unaletwa na matishari: mkonge unakwenda, mbolea inakuja. Alianza kuli akamaliza msimamizi. Kwa hiyo nilipomwambia “huu ni mlingoti wa meli”, aliniangalia kama ninavyomwangalia mgonjwa anayesema hajala kitu tangu jana. Akauzunguka. Akaugonga. Akaniambia nitafute.

Nikamsomea pale pale, nimesimama kwenye upepo. Great Eastern iliteremshwa majini mwaka 1858. Mbunifu wake ni Brunel. Urefu mita 211, na duniani hapakuwa na meli ya kuikaribia. Ilikuwa na milingoti sita, na magurudumu ya pembeni, na rafadha nyuma, vyote kwa pamoja, maana mwenyewe hakutaka kuamini kimoja. Kubeba abiria ikashindwa, ikala fedha za watu. Kilichoipa heshima ni waya: mwaka 1866 ilitandaza waya wa simu ya maandishi chini ya Atlantiki, na mwaka 1870 ikatandaza mwingine kutoka Bombay hadi Aden. Niliposema Aden baba akainua mkono ninyamaze. Aden anaijua. Majahazi ya Aden na ya Mukalla aliyaona utotoni mwake yakiingia Tanga na msimu wa kaskazi, na samaki wa chumvi, na mazulia.

Meli iliishia hapa Liverpool, ikageuzwa bango la matangazo ya duka, kisha ikavunjwa mtoni Mersey kuanzia 1889, ikauzwa chuma chakavu. Kipande cha mlingoti kikanunuliwa, kikavushwa mtoni, kikavutwa na farasi kupanda mlima huu mpaka hapa. Na kipo mpaka leo, kinapeperusha bendera ya klabu ya mpira.

Tulikaa pale dakika ishirini na tano. Nilikuwa nimetenga tano.

Karibu na hapo kuna sanamu ya kocha wa zamani, Bill Shankly, mikono imetanuliwa, skafu shingoni, na chini yake maneno kwamba aliwafurahisha watu. Picha moja inatosha. Upande wa jukwaa kuu yuko Bob Paisley, amembeba mgongoni mchezaji aliyeumia. Paisley alishinda Kombe la Ulaya mara tatu, na aliingia klabuni kama mchezaji akageuka mtu wa kukanda misuli kabla ya kuwa kocha, kwa hiyo kumbeba mtu haikuwa kazi ngeni kwake. Mimi kwa sababu ya kazi yangu nampenda zaidi huyo.

Halafu kumbukumbu ya Hillsborough. Iko ukutani upande wa jukwaa kuu. Tarehe 15 Aprili 1989 Liverpool walicheza na Nottingham Forest nusu fainali ya Kombe la FA kwenye uwanja wa Hillsborough mjini Sheffield, na watu wakabanwa kwenye uzio nyuma ya goli. Waliofariki ni 97. Mdogo kuliko wote alikuwa na miaka 10. Ilichukua mpaka mwaka 2016 baraza la mahakama kutamka kwamba waliuawa isivyo halali, na kwamba mashabiki hawakuwa na kosa. Mweleze mgeni wako haya kabla hamjafika, si mkishafika. Pale huzungumzi kwa sauti, hupigi picha ya kujichekea, na watoto unawashika mkono. Nimeona watu wetu wakijipanga pale kwa picha za vidole viwili juu. Hawana ubaya, hawajaambiwa tu. Na gazeti la The Sun usilishike mkononi mji huu. Liliandika uongo juu ya marehemu wale, na hata baada ya kuomba radhi mwaka 2012 watu wa hapa hawalinunui.

Baba alisoma majina machache kwa sauti ya chini, moja moja, kisha akasoma dua. Akanitajia MV Bukoba. Mwaka ule wa 1996 rafiki yake wa kazini alikuwa amehamishiwa bandari ya Mwanza. Hakuongeza neno na mimi sikumuuliza.

Ndani

Njoo na koti, viatu vya chini na begi dogo. Ziara inaanza kwa kupanda juu kabisa ya jukwaa kuu kwa ngazi za umeme, na huko upepo wa Mersey unakukuta. Utapewa kifaa cha masikioni chenye maelezo kwa lugha kadhaa, ila Kiswahili sikukikuta. Wapo pia waongozaji wa kibinadamu, wacheshi kweli, lakini Kiingereza chao ni cha Liverpool. Baba alisomeshwa Kiingereza na walimu wa enzi zile wa fimbo na sarufi; baada ya dakika tatu akaniuliza yule bwana anaongea Kidachi? Kwa hiyo jiandae kuwa mkalimani. Usitafsiri kila sentensi, utakosa vyote. Msikilize, fupisha, mwambie mzee lile moja atakalolipenda.

Kule juu usikimbilie picha. Mwonyeshe mji kwanza: mto ule, bandari ile, bustani ya Stanley hapo chini, na paa la Goodison ng'ambo yake. Ukishaona ukaribu huo ndipo ule ugomvi wa Houlding unaeleweka.

Mnashuka. Chumba cha waandishi wa habari, mtakaa kwenye kiti cha kocha, mtapiga picha, sawa. Kisha vyumba vya kubadilishia nguo, na hapa ndipo ule ushauri wangu wa mwanzo unalipa. Kundi zima litapita chumba cha wageni mbio mbio ili kuwahi cha wenyeji, kule jezi zimetundikwa kila moja mahali pa mwenyewe na kila mtu anamtafuta mchezaji wake. Chumba cha wageni hakina mbwembwe: mabenchi, ndoano, kuta. Nikamwambia baba, “Baba, Samatta alivalia humu.”

Akavua kofia. Akakaa kwenye benchi, katikati hivi, akatazama ndoano ya mbele yake. Mwongozaji akarudi kututafuta, nikamweleza kwa ufupi. Yule bwana akakumbuka: bao la kichwa, kona. Akampa baba mkono, akatuacha tukae, akasema tutawakuta wenzetu kwenye korido. Kwa hiyo usiogope kuwaambia mlichokifuata. Watu wale wanarudia hadithi zilezile siku nzima, ukiwaletea yako wanafurahi.

Kwenye korido kuna kile kibao maarufu cha “This Is Anfield”, yaani hii ndiyo Anfield, kilichowekwa enzi za Shankly kuwatisha wageni. Kila mtu anakigusa. Klopp alipokuwa kocha aliwakataza wachezaji wake wasikiguse mpaka washinde kitu kwanza. Baba hakukigusa. Alisema yeye ni mgeni.

Mtatokea kando ya nyasi. Usizikanyage, hata kidogo, hata kidole. Utaona ni kwa nini ukiikuta ile mitambo mikubwa ya taa inayozungushwa juu ya uwanja ili nyasi zipate jua ambalo mji huu hauna. Mtakaa kwenye viti vya benchi la ufundi. Na hapa nikukiri kosa langu. Baba akauliza, “Goli lipi?” Nikabaki mdomo wazi. Miezi miwili ya kupanga, treni, msikiti, tiketi, na sikuwa nimetazama tena lile bao lenyewe. Ikabidi nitoe simu, mtandao unasuasua, tunaikodolea macho video ya sekunde kumi na tano huku tukilinganisha majukwaa, mpaka baba akanyoosha kidole. Akaangalia goli, akaangalia kibendera cha kona, akapima kwa jicho kama anavyopima mzigo. “Mbali,” akasema. Wewe litazame nyumbani, lihifadhi kwenye simu, uje unajua.

Makumbusho ni ya mwisho na mzee atakuwa amechoka, kwa hiyo nenda kwenye makombe ya Ulaya tu. Ni sita: 1977, 1978, 1981, 1984, 2005 na 2019. Lile la 2005 la Istanbul ni kombe lenyewe halisi, kwa sababu wakati ule aliyelichukua mara tano aliachiwa moja kwa moja. Kwa Wakenya, simameni kwenye la 2019: Divock Origi, mtoto wa Mike Okoth wa Harambee Stars, ndiye aliyefunga mawili siku Barcelona walipopigwa 4-0 hapo nje, na bao la pili la fainali pia ni lake. Picha watakazokupiga na kombe zinauzwa, na bei yake si ya mchezo. Hulazimiki.

Chakula: ng'ambo ya Kop, kwenye Oakfield Road, kuna duka la mikate la ushirika wa wakazi, Homebaked, wanaoka pai za moto. Kwa Mwislamu uliza kabla, chukua ya mboga. Baba alikula mbili akalalamika hazina pilipili.

Kama mna nguvu, vukeni bustani ya Stanley kwa miguu, dakika kumi na tano, mkaione Goodison. Mdogo wangu ndiye aliyenilazimisha njia hiyo, kwa sababu alikuwepo uwanja wa Taifa Dar es Salaam Julai 2017 Everton walipocheza na Gor Mahia na Rooney akafunga, na toka siku hiyo ana ugonjwa usiotibika. Timu ya wanaume imehamia uwanja mpya wa gati la Bramley-Moore tangu 2025, na Goodison sasa ni ya wanawake wa Everton. Na baba hatukuvuka. Magoti.

Treni ya kurudi wekeni ya jioni isiyo na haraka, na msisubiri basi saa za kutoka kazini kama mnaweza kuwahi. Sisi hatukuwahi, kwa sababu baba aliomba tupitie tena pale kwenye kona. Basi lilipofika nilikuwa namvuta mkono, yeye yuko kwenye simu na mwenzake wa matishari aliyebaki Tanga, anamweleza kwa sauti ya bandarini kabisa, watu wote kituoni wanageuka: “Mlingoti, bwana! Wa meli! Wameusimika mpirani!”